Daftari la kiranja: Shule mpya za Simiyu na serikali ya wanafunzi

Majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano yakishatoka, simu za wazazi hazipumziki. Mzazi aliyeko Tanga au Kibaha anafungua orodha, anaishusha kwa kidole gumba mpaka alione jina la mwanawe, kisha anasoma jina la shule ambalo hajawahi kulisikia, na mkoa: Simiyu. Swali la kwanza huwa ni umbali. La pili, kwa wapenda utani, huwa ni Gamboshi, kile kijiji cha Bariadi ambacho hadithi zake za uchawi husafiri kuliko basi lolote.

Baada ya utani, fomu ya kujiunga inapakuliwa. Godoro, ndoo, shuka, fagio, sare, viatu vyeusi. Mzazi ananunua kimoja kimoja na kuweka alama. Kitu ambacho fomu haikisemi ni nani hasa atakayeishi na mtoto jioni, walimu wakisharudi majumbani. Jibu ni wanafunzi wenzake: kaka mkuu, dada mkuu, viranja wa mabweni, wa chakula, wa usafi, wa taaluma. Kwa ufupi, serikali ya wanafunzi.

Katika shule kongwe, serikali hiyo ina mila zake, nzuri na mbaya, na mtoto anazikuta. Katika shule mpya ndiyo kwanza inaundwa. Na Simiyu ni mahali pazuri pa kuitazama ikiundwa.

Mkoa wenye umri wa mwanafunzi

Simiyu ilizaliwa rasmi mwaka 2012, sambamba na Geita, Katavi na Njombe. Kabla ya hapo maeneo yake mengi yalikuwa sehemu ya Shinyanga. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ni wa kukaa darasa la sekondari. Yeye na mkoa wake wamekua pamoja.

Anayetoka Mwanza hufuata barabara ya Musoma, Ziwa Victoria likiwa upande wa kushoto, mpaka Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Hapo anakata kulia. Kutoka Lamadi hadi Bariadi ni kama kilomita 70 za lami, kupitia Dutwa na Nyakabindi, penye viwanja ambavyo Nane Nane ya kitaifa ilifanyika 2018, 2019 na 2020. Anayetoka Dar es Salaam kwa basi huja kwa upande mwingine: Dodoma, Singida, Shinyanga, kisha Maswa. Kote ni nchi tambarare, miti michache, ng'ombe wengi, na msimu ukifika, pamba. Huu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa zao hilo, na mwezi wa soko la pamba ndio mwezi ambao ada ndogondogo na michango ya shule hupatikana.

Sensa ya 2012 iliikuta Simiyu ikiwa na watu karibu milioni 1.6. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 2. Ongezeko hilo ndani ya miaka kumi, pamoja na sera ya elimu bila ada iliyoanza 2016 hadi kidato cha nne na kufika kidato cha tano na sita mwaka 2022, linaeleza kwa nini kila wilaya, Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, imekuwa ikijenga madarasa. Zipo shule za kata zilizoanza na vyumba vichache. Upo pia Mradi wa Kuimarisha Ubora wa Elimu ya Sekondari, maarufu kama SEQUIP, ambao katika mipango yake kila mkoa wa Tanzania Bara unapata shule ya bweni ya wasichana ya masomo ya sayansi.

Majengo yanaonekana kwa macho. Rangi bado inanuka, miti ya kivuli ni miche yenye uzio wa miiba. Ubaoni kunaandikwa kwa chaki, na mkoa huu una sababu ya kujivunia chaki hiyo: Maswa kuna kiwanda cha chaki kilichoanzishwa na vijana. Kisichoonekana ni desturi. Shule mpya haina wanafunzi wa zamani wa kusimulia, haina wimbo ambao kila mtu anaujua, haina "sisi hapa hatufanyi hivyo". Mwaka wa kwanza, kidato cha kwanza ndio wakubwa. Watoto wa miaka 13 na 14 wanachaguliwa kuongoza shule ambayo hawajawahi kumwona kiranja wake.

Kwa hiyo wanaleta walichokiona shule ya msingi. Wanaleta daftari.

Daftari la majina

Karibu kila mzazi aliyesoma Tanzania analijua daftari hili. Mwalimu akitoka darasani, kiranja anasimama mbele na kuandika wapiga kelele. Jina likiandikwa mara ya pili linawekewa alama. Mwalimu akirudi, daftari linakabidhiwa na fimbo inafuata orodha. Wengine waliandikwa kwa sababu walipiga kelele kweli, wengine kwa sababu walikataa kumgawia kiranja mihogo wakati wa mapumziko.

Ni jambo la kuchekesha ukilikumbuka ukiwa na miaka 40. Kwa mtoto wa bweni lisipozuiwa mapema hukua likawa kitu kingine. Kiranja anayeandika majina hujifunza kwamba kazi yake ni kuwapeleka wenzake kwa wakubwa. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye kumpigisha njuka magoti, kumfulisha nguo, kumchotesha maji, kumnyang'anya sukari, na mwishowe kumchapa.

Hapa sheria iko wazi kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Viboko havitakiwi kuzidi 4. Msichana anatakiwa kuchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Na adhabu inatakiwa kuandikwa kwenye kitabu. Kiranja hayumo katika mpangilio huo, hata kwa kiboko kimoja. Mtoto akisema "kaka mkuu alinipiga", hajaleta umbea wa bwenini. Ametaja kosa ambalo mkuu wa shule anapaswa kulishughulikia.

Daftari la mambo

Lipo daftari la aina nyingine, na shule mpya ina bahati ya kuanza nalo kabla ya lile la kwanza kuota mizizi. Katika daftari hili kiranja haandiki majina ya watu. Anaandika mambo: bomba la upande wa mashariki halitoi maji tangu Jumanne, kitasa cha choo cha tatu kimevunjika, maharage ya jana hayakuiva. Kila jambo lina tarehe. Pembeni kuna nafasi ya jibu: limepelekwa kwa nani, limejibiwa lini.

Kwa kawaida kila kiranja ana kamati yake ya wanafunzi wachache na mwalimu mlezi wa kamati. Kamati hukutana, mambo yake hupelekwa kwenye baraza la wanafunzi, na kaka mkuu na dada mkuu huyafikisha kwa uongozi wa shule. Inasikika kama mambo ya vikao tu. Kwa afya ya mtoto, lakini, hizi ndizo kamati zinazoamua mengi.

Chukua choo. Kiwango kinachotumika nchini ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 400 inahitaji matundu 20. Hesabu hiyo haihitaji mkaguzi kutoka wilayani. Kamati ya usafi inaweza kuifanya kwa dakika tano, ikahesabu pia mangapi yana mlango unaofungwa na mangapi yana maji karibu. Msichana anayekikwepa choo kwa sababu hakina mlango hupunguza kunywa maji mchana kutwa. Akifanya hivyo kwa wiki kadhaa, maambukizi ya njia ya mkojo yanapata nafasi. Akiwa kwenye hedhi na hana pa kubadilishia, hubaki bwenini, na somo la kemia linampita.

Maji nayo. Simiyu ni mkoa wenye ukame wa mara kwa mara, na mradi mkubwa wa kuyafikisha maji ya Ziwa Victoria katika wilaya zake umekuwa ukisubiriwa kwa hamu. Mahali ambapo bomba halijafika, watu hutumia visima, maji ya mvua na malambo ya ng'ombe. Kwenye maji yaliyotuama kuna konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, ugonjwa unaojulikana vizuri Kanda ya Ziwa. Mvulana anayeoga lamboni na kuanza kuona damu kwenye mkojo mara nyingi hamwambii mtu. Anaona aibu, au anadhani ni ukubwa. Mjumbe wa kamati ya afya wa umri wake anaweza kumwambia kwa lugha yao kwamba huo ni ugonjwa, una dawa, na dawa yenyewe, praziquantel, hutolewa kwa kupima uzito au urefu. Maneno hayo yakitoka kwa mwenzake wa kitanda cha juu hupokelewa kuliko yakitoka kwenye bango.

Jikoni vilevile. Kiranja wa chakula anayeshuhudia unga na maharage yakipimwa asubuhi pamoja na mtunza stoo, kisha akatia sahihi, analinda mambo mawili kwa mpigo: tumbo la wenzake na imani ya wazazi waliotoa debe la mahindi. Mzazi wa Itilima aliyepeleka mahindi yake mwenyewe anataka kujua yamekwenda wapi. Sahihi ya mtoto kwenye daftari la stoo humpunguzia maneno mwalimu pia.

Na kuna bweni. Juni 1994, moto uliua wasichana zaidi ya 40 katika sekondari ya Shauritanga, Kilimanjaro. Agosti 2009, ukaua wasichana 12 katika sekondari ya Idodi, Iringa. Kila mzazi wa mtoto wa bweni ana haki ya kuuliza kuhusu usiku: mlango unafungwaje, ufunguo uko kwa nani, je, yupo mwenye ufunguo aliyelala ndani? Madirisha yana nondo? Mishumaa inaruhusiwa? Kamati ya bweni ndiyo inayolala humo. Ikiandika kwamba mlango wa pili umezibwa na vitanda, jambo hilo halifai kusubiri baraza la mwisho wa mwezi.

Uongozi wa vijana si mgeni Usukumani

Wapo wanaodhani serikali ya wanafunzi ni kitu kilichokuja na shule. Katika nchi ya Wasukuma, ambao ndio wengi Simiyu, vijana walikuwa na kiongozi wao zamani: nsumba ntale, kwa wingi basumba batale. Alitoka miongoni mwa vijana wenyewe. Yeye ndiye aliyewaitisha kwa kazi za pamoja za kulima na kuvuna, akaratibu ngoma, na akawa sauti ya watu mbele ya mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji. Asiyefika kazini bila sababu alitozwa faini, lakini nsumba ntale naye alishika jembe. Kiongozi aliyekaa kivulini huku wenzake wakilima asingepata wa kumfuata msimu uliofuata.

Mwalimu anayefungua shule mpya Bariadi au Meatu hana haja ya kutafuta mbali mfano wa kuwaeleza wanafunzi wake. Babu zao wanajua. Kiranja wa usafi anayeshika fagio kwanza ni nsumba ntale wa leo. Anayesimama na kuhesabu waliochelewa ni mwenye daftari la majina.

Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, alisisitiza kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba la shule, si kulilima tu kwa kuamriwa. Shule nyingi zilibaki na jembe, zikaacha ule uamuzi. Matokeo yake wazazi wengi wa leo wanakumbuka shamba la shule kama adhabu.

Moyo wa shule hautungwi

Kila shule mpya hutamani kupendwa na wanafunzi wake. Hutungiwa wimbo, huandikwa kaulimbiu ukutani, hushonewa fulana za michezo. Hayo ni mazuri. Lakini mtoto haipendi shule kwa sababu ya ukuta.

Usukumani kuna somo la jambo hili, na hujirudia kila mwaka baada ya mavuno, miezi ileile ambayo kidato cha tano huripoti. Wachezaji wa ngoma wa Kisukuma wamegawanyika katika kambi mbili za jadi, Bagika na Bagalu. Makundi mawili yanaweza kushindana uwanja mmoja, siku moja, kwa wakati mmoja. Mshindi hutambulika kwa macho: ni yule aliyevuta watu wengi zaidi kwake. Watazamaji huenda penye utamu na hutoka palipopoa. Huwezi kumwamuru mtu abaki kwenye ngoma iliyopoa.

Shule iko hivyo. Wanafunzi waliotoka Mbeya, Lindi na Mara, waliofika wakiogopa Gamboshi na wasiojua kujibu "mwangaluka" ya asubuhi, hawawi kitu kimoja kwa tangazo la paredi. Wanakuwa kitu kimoja siku ambayo jambo walilolisema linatendeka. Mlango wa choo uliolalamikiwa Jumanne ukitengenezwa Ijumaa, na mwalimu akasema mbele ya wote kwamba kamati ya usafi ndiyo iliyoleta hoja, mtoto anajifunza kwamba shule hii inamsikia. Hapo ndipo anaanza kusema "shule yetu". Hata mechi na shule jirani hupigiwa makofi tofauti.

Uchaguzi nao una nafasi yake. Wanafunzi huchukua fomu, walimu huchuja, wagombea hujieleza mbele ya wenzao, kura hupigwa. Pale ambapo mchujo unawaacha wale tu waliozoea kunyamaza, wanafunzi huelewa upesi, na kura huwa mchezo. Pale ambapo mtoto mwenye maswali anaruhusiwa kugombea, kelele huongezeka kidogo kwenye baraza, lakini siri hupungua bwenini. Walimu wengi wazoefu wangechagua kelele.

Si kwamba mwalimu aachie usukani. Watoto wa miaka 14 hawawezi kubeba mambo ya unyanyasaji, ujauzito au ugonjwa mkubwa peke yao, na kiranja anayelazimishwa kutunza siri nzito za wenzake huumia naye. Kamati njema inajua jambo gani linaandikwa daftarini na jambo gani linapelekwa moja kwa moja kwa matroni, patroni au mwalimu wa malezi, usiku huohuo.

Siku ya kutembelea

Mzazi anayefika Bariadi siku ya kutembelea huja na chupa ya chai, kuku wa kukaanga, na swali moja: "Umeshika nafasi ya ngapi?" Ni swali la haki, nauli ni ghali na matokeo ni muhimu. Lakini kuna maswali mengine yasiyochukua hata robo saa, na yanaweza kuulizwa kwa simu ya matroni na mzazi asiyeweza kusafiri.

Viongozi wenu mlichaguaje? Kamati ya usafi ilikutana lini mara ya mwisho? Ni jambo gani mlilolisema muhula huu likafanyiwa kazi? Ukiumwa usiku unamwamsha nani? Ufunguo wa bweni uko wapi? Kuna mwanafunzi anayewapiga wengine?

Mtoto akijibu haraka bila kuangalia huku na huku, mzazi anaweza kula kuku wake kwa raha. Akiangalia chini, au akisema "tutaongea likizo", basi hilo ni la kuzungumza na mwalimu wa malezi kabla ya basi kuondoka, kwa upole na bila kumtaja mtoto mbele ya wenzake. Wazazi wenye nafasi kwenye bodi ya shule wana mlango mwingine: wanaweza kuomba taarifa ya baraza la wanafunzi isomwe kikaoni, pamoja na majibu yaliyotolewa.

Shule mpya za Simiyu zitakuwa kongwe. Miche iliyozungushiwa miiba itatoa kivuli, na siku moja mtu atasema "sisi hapa hatufanyi hivyo" bila kujua nani alianza. Walioanza ni watoto wa sasa, pamoja na walimu waliowapa kalamu.

Kwa hiyo ukimpigia mwanao Jumapili hii, baada ya salamu na habari za masomo, muulize hili pia: kiranja wenu anaandika nini kwenye daftari lake?